Je, Wajua? Sauti ya Mwalimu ilimpa jina, kisha akawa mwenyekiti

Wazee wa Ngara na Biharamulo waliokesha redioni wakati wa vita vya Kagera, 1978, wanaijua vizuri sauti ya Mwalimu Nyerere. Mchekeshaji Steven Mengele aliiga sauti hiyo hiyo, mikato na vituo vyake vyote, hadi watu wakamwita Steve Nyerere. Jina la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi.

Hakuwa nyota wa mapenzi wa filamu za Bongo. Alikuwa mtu wa vituko na kuigiza wakubwa. Hata hivyo wenzake walimpa uenyekiti wa Bongo Movie Unity, umoja wa waigizaji, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ni ya misiba, harambee na kusuluhisha ugomvi. Mtu mwenye maneno huko hapotei.

Kwa wanamuziki mambo yalikuwa mengine. Machi 2022 Shirikisho la Muziki Tanzania lilimteua kuwa msemaji wake. Wasanii wakang'aka: mwigizaji atasemaje kwa niaba yetu? Haukupita muda, akajiuzulu.

Lakini mwigizaji kuongoza waigizaji wenzake si jambo la Bongo tu: Marekani, Ronald Reagan naye aliongoza chama cha waigizaji kabla ya kuwa rais mwaka 1981.