Wageni wa Mvua za Vuli

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia, mtu aliye katika soko la Gakoromone, mjini Meru, akiinua macho huona mbayuwayu wakipita kwa kasi juu ya mapaa ya mabati. Miongoni mwao wako wenye koo jekundu, mgongo mweusi wa kung'aa, na mkia uliogawanyika kama panda ya mti. Hao si wenyeji. Walizaliwa Ulaya au Asia, na wengine wangali safarini kuelekea Afrika Kusini. Uzito wa ndege huyo ni kama gramu 20 tu, lakini safari yake yaweza kufika kilomita 10,000.

Zamani hapakuwa na mtu aliyejua jambo hili kwa hakika. Huko Ulaya mbayuwayu walipotoweka, watu wengine walidhani kwamba wamejizika matopeni chini ya maziwa, wapate kulala mpaka baridi ipite. Mwaka 1822 korongo mmoja alipatikana karibu na Klütz, Ujerumani, naye amechomwa shingoni na mshale wa Kiafrika. Alikuwa ameruka nao njia yote hiyo. Baadaye wataalamu walianza kuwavisha ndege pete nyepesi zenye namba miguuni. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Basi mjadala ukaisha.

Kwa nini wanasafiri? Wengi hudhani kwamba wanakimbia baridi tu, lakini sababu kubwa ni chakula. Wakati wa baridi wadudu huwa haba sana Ulaya. Huku kwetu mvua za vuli huwatoa kumbikumbi ardhini na viwavi mashambani. Mbayuwayu, keremkerem na korongo weupe hufuata riziki hiyo, kisha mwezi wa Machi na Aprili hurudi kwao kuzaa. Yafaa mkulima akumbuke kwamba wageni hawa hawali mahindi yake, hula wadudu.

Hapa Kenya kazi ya kuvisha pete imefanywa tangu mwaka 1969 huko Ngulia, Tsavo Magharibi. Katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wasafirio usiku huvutwa na taa za hoteli wakashuka. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete, kisha huachwa waende zao. Baadhi yao wameonekana tena Uarabuni na Urusi.

Lakini kazi hii si ya wataalamu peke yao. Sokoni Gakoromone hukutana watu wa nyanda za juu, chini ya Mlima Kenya, na watu wa Tharaka kwenye joto. Mmoja ameona korongo shambani kwake. Mwenziwe hajamwona hata mmoja. Habari hiyo ikisemwa tu hupotea. Ikiandikwa pamoja na tarehe na mahali huwa elimu. Tangu mwaka 2013 wapenzi wa ndege wameitengeneza Ramani ya Ndege ya Kenya kwa njia hiyo: nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na kila mwangalizi huorodhesha ndege aliowaona katika mraba.

Yuko na ndege mwingine wa kuangaliwa kwa makini kuliko hao wote, naye hasafiri kabisa. Ni zogoyogo wa Hinde, aliyeandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1900. Rangi yake ni ya udongo yenye mabaka meupe, na mabaka hayo hutofautiana toka ndege mmoja hata mwingine. Hukaa katika makundi madogo yenye kelele, vichakani kando ya mito. Duniani kote hapatikani ila Kenya, hasa sehemu za Meru, Embu, Kirinyaga na Ukambani.

Hapo ndipo penye hatari. Mbayuwayu akikosa kutua Meru, atatua kwingine. Zogoyogo huyu hana kwingine. Kichaka cha mtoni kikifyekwa chote ili shamba lifike ukingoni, kundi lake hukosa mahali pa kutaga. Si lazima mkulima aache shamba lake. Akiacha ukanda wa vichaka kando ya maji, ndege atapata makao, na udongo wa ukingo hautachukuliwa na mafuriko.

Basi, msomaji, vuli hii chukua daftari. Andika ndege uliyemwona, siku na mahali. Ukimwokota ndege mwenye pete, nakili namba na maneno yote yaliyo juu yake, upeleke habari Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Akiwa hai, mwachilie aende zake. Huenda mstari wako mmoja ukaonekana mdogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.