Je, Wajua? MRI Huona Mfupa Unaokufa Kabla ya Eksirei

Katika picha ya MRI, ganda gumu la mfupa huonekana jeusi tii. Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei. Sumaku yake, mara nyingi ya tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya usumaku wa dunia, husaidiana na mawimbi ya redio kunasa ishara za hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta mwilini. Ganda la mfupa lina maji machache. Uboho wa ndani umejaa mafuta, nao hung'aa.

Faida ya MRI ni kubwa. Mgonjwa wa selimundu anayeumwa nyonga anaweza kupigwa eksirei ikaonekana safi, kumbe kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kufa kwa kukosa damu. MRI huligundua hilo mapema. Huonyesha pia kano iliyochanika gotini na gegedu iliyolika. Mkono uliovunjika waziwazi? Eksirei yatosha, tena ni nafuu.

Ukiandikiwa kipimo cha MRI, mweleze mtaalamu kabla ya kuingia kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma chochote mwilini.