Soko huria lina masharti yake: siasa ya walibertari na mfuko wa mfanyabiashara

Ni nadra kumkuta mfanyabiashara asiyefurahi kusikia mwanasiasa akiahidi kupunguza kodi, kufuta leseni zisizo na kazi na kuiondoa serikali katika biashara. Ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyompa Javier Milei urais wa Argentina tarehe 19 Novemba 2023, baada ya kampeni ambayo alipita mitaani akiwa ameshika msumeno wa injini kuonyesha jinsi atakavyokata matumizi ya serikali. Alipata karibu asilimia 56 ya kura dhidi ya Sergio Massa, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Uchumi.

Milei hujitambulisha kuwa mlibertari. Neno hilo hutajwa mara kwa mara katika habari za masoko ya fedha, na wengi hulichukua kuwa na maana ya mwanasiasa anayewapenda wafanyabiashara. Maana hiyo ina kasoro, na mfanyabiashara anayeikubali bila kuichunguza anaweza kujikuta ameipigia debe siasa itakayomwondolea kinga aliyokuwa akiitegemea.

KANUNI YENYEWE

Mlibertari huanza na jambo moja: mtu mzima anamiliki nafsi yake, kazi yake na mali aliyoipata kwa halali. Hakuna mwenye haki ya kumtumia nguvu, isipokuwa kumzuia asiwadhuru wengine, asiwaibie wala kuwalaghai. Hadi hapo watu wengi watakubali. Wanapoachana ni pale mlibertari anapoiwekea serikali sharti hilohilo. Kwake, kodi ni fedha inayochukuliwa kwa nguvu, hivyo kila senti inayotozwa lazima iwe na sababu nzito.

Kutokana na kanuni hiyo, walibertari wengi huiachia serikali kazi tatu tu: polisi, mahakama na ulinzi wa mipaka. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, kama mchumi Mmarekani Murray Rothbard, ambaye aliona hata kazi hizo zinaweza kufanywa na makampuni binafsi. Wengine hawafiki huko. Friedrich Hayek, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, alikubali kwamba nchi tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu kima cha chini cha kuishi. Milton Friedman, aliyeipata mwaka 1976, alipendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1962, Capitalism and Freedom, kwamba wenye kipato kidogo walipwe fedha taslimu kupitia mfumo wa kodi, badala ya kuwa na utitiri wa ruzuku na miradi.

Kanuni hiyo haiishii dukani. Mtu anayetaka serikali isipange bei ya sukari, akiwa mlibertari wa kweli, hutaka pia isimwamulie mtu mzima asome nini, aseme nini au aoane na nani. Friedman huyohuyo alikuwa mjumbe wa tume iliyoundwa na Rais Richard Nixon mwaka 1969 kuchunguza uandikishaji wa lazima jeshini, na tume hiyo ilishauri ufutwe. Uandikishaji huo ulikoma mwaka 1973. Ndiyo maana walibertari hawakai vizuri upande wowote: katika kodi husikika kama watu wa mrengo wa kulia, na katika maisha binafsi kama watu wa mrengo wa kushoto.

CHAMA KILICHOZALIWA NA BEI

Kwa Marekani, historia ya walibertari kama chama ina uhusiano wa moja kwa moja na bei za madukani. Tarehe 15 Agosti 1971, Nixon alisimamisha bei na mishahara nchi nzima kwa siku 90. Alikuwa Rais kutoka Republican, chama kilichojinadi kuwa mtetezi wa soko huria. Kwa baadhi ya wafuasi wa soko hilo maji yalizidi unga, na mwezi Desemba mwaka huohuo walianzisha Libertarian Party katika jimbo la Colorado. Chama hicho hakijawahi kukaribia Ikulu. Matokeo yake bora katika uchaguzi wa Rais ni ya mwaka 2016, ambapo mgombea wake, Gary Johnson, alipata kura karibu milioni 4.5, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3.

Hoja yao kuhusu bei, hata hivyo, haiwi ngeni kwa waliofanya biashara Tanzania baada ya Tume ya Taifa ya Bei kuanzishwa mwaka 1973. Bei ilipangwa ofisini, na bidhaa nyingi zikahamia mlango wa nyuma.

Kenya nayo ilipata somo la karibu zaidi. Kuanzia Septemba 2016, sheria ilizizuia benki kutoza riba inayozidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lengo lilikuwa kumpunguzia mzigo mkopaji mdogo. Lakini benki ziliona kwamba kwa riba hiyo hailipi kumkopesha mtu asiye na dhamana, zikapendelea kununua hati za serikali na kukopesha makampuni makubwa. Mwenye kibanda aliyetetewa ndiye aliyekosa mkopo. Kikomo hicho kiliondolewa Novemba 2019.

Mlibertari huishia kusema kwamba bei ni habari: ukiizuia isipande, hujaondoa uhaba, umeuficha tu.

KIPIMO CHA MWAKA 2008

Ni rahisi kukubali hoja hiyo sheria inapomuumiza mwenye duka. Ugumu huja pale uhuru wa soko unapomuumiza yeye mwenyewe, au unapopunguza thamani ya hisa zake.

Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka tarehe 15 Septemba 2008, Serikali ya Marekani iliomba Bunge liidhinishe dola bilioni 700 za kuokoa sekta ya fedha. Mbunge wa Texas, Ron Paul, aliyewahi kugombea urais kwa tiketi ya walibertari mwaka 1988, alipinga. Hoja ya upande wake ilikuwa kwamba benki iliyokula faida yake peke yake na hasara yake iile peke yake. Baraza la Wawakilishi lilipoukataa muswada huo tarehe 29 Septemba, fahirisi ya Dow Jones ilishuka pointi 777 kwa siku moja. Wiki hiyohiyo muswada ulirudishwa ukiwa umefanyiwa marekebisho, ukapita.

Wenye hisa wengi walishusha pumzi. Lakini aliyekuwa akisema serikali isiingilie soko, kisha akafurahia kuokolewa, alikuwa amebadili msimamo bila kutangaza. Kwa mlibertari, kufilisika ni sehemu ya soko kama ilivyo faida.

ARGENTINA: MSUMENO NA MFUKO

Milei aliapishwa tarehe 10 Desemba 2023, mwaka ambao mfumuko wa bei ulimalizika ukiwa asilimia 211.4. Wizara zilipunguzwa kutoka 18 hadi 9. Thamani rasmi ya peso ilishushwa kwa zaidi ya nusu, dola moja ikatoka peso 366 hadi 800. Mwaka 2024 bajeti ilipata ziada, na mfumuko wa bei ulishuka hadi asilimia 117.8, ambayo bado ilikuwa juu.

Katika soko la nyumba, Milei alifuta sheria ya mwaka 2020 iliyolazimisha mikataba ya miaka mitatu na kubana upandishaji wa kodi ya pango. Chini ya sheria hiyo, wenye nyumba wengi waliziondoa sokoni. Ilipofutwa, nyumba za kupangisha katika jiji la Buenos Aires ziliongezeka sana. Mpangaji alipata pa kuchagua, lakini kila sharti la mkataba akalazimika kulijadili mwenyewe.

Upande wa pili wa hesabu nao uliandikwa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2024, watu walioishi chini ya mstari wa umaskini walifikia asilimia 52.9, kutoka asilimia 41.7 katika nusu ya pili ya mwaka 2023. Kiwango kilishuka baadaye hadi asilimia 38.1 katika nusu ya pili ya mwaka 2024. Aliyefunga duka katika miezi ile sita ya kwanza, hata hivyo, hakulipwa na takwimu za miezi sita iliyofuata.

Machi 2025 ikaja zamu ya wenye viwanda. Ushuru wa nguo na viatu kutoka nje ulipunguzwa kutoka asilimia 35 hadi 20. Mwagizaji wa nguo alishangilia na mwenye kiwanda cha nguo akalalamika, ingawa wote wawili ni wafanyabiashara. Mlibertari hakumpendelea yeyote kati yao. Alimwangalia mnunuzi anayetaka shati kwa bei nafuu.

Milei mwenyewe hakuifuata kanuni hiyo moja kwa moja. Desemba 2023, serikali yake ilipandisha kodi ya fedha za kigeni za kuagizia bidhaa hadi asilimia 17.5, na kodi hiyo ilikoma Desemba 2024. Vizuizi vya wananchi kununua dola vilibaki hadi Aprili 2025, vilipolegezwa kwa msaada wa mkopo wa dola bilioni 20 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Oktoba 2025, peso ilipoyumba, Hazina ya Marekani iliingia sokoni kuinunua na kufunga mkataba wa kubadilishana fedha wa dola bilioni 20, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge ambao chama cha Milei kilishinda. Mtu aliyeahidi kuifunga Benki Kuu alikuwa ameitegemea kuilinda sarafu yake.

Watetezi wake wanasema hakuwa na njia nyingine, kwani mgonjwa mahututi hatolewi dawa zote kwa siku moja. Wapinzani wanasema hiyo ni dalili ya udhaifu wa nadharia yenyewe: soko halijiendeshi lenyewe wakati wa hofu, haliwezi kumtoza mwenye kiwanda gharama ya moshi anaoumwaga kwa majirani, na pale mnunuzi ni mmoja na wauzaji ni elfu, uhuru wa kukataa bei huwa wa jina tu.

MASWALI MATATU

Msomaji halazimiki kuchagua upande ili afaidike na mjadala huu. Anachohitaji ni kuikagua ahadi ya mwanasiasa kama anavyokagua mzigo bandarini kabla ya kulipa. Mwanasiasa anapotangaza soko huria, aulizwe mambo matatu. Je, ataondoa ushuru unaowalinda rafiki zake, au ule wa wengine tu? Je, kampuni kubwa ikianguka, ataiacha ianguke? Je, fedha za kigeni zikipungua, atawaacha watu wauze na kununua kwa bei wanayokubaliana?

Kisha msomaji ajiulize maswali hayohayo kuhusu duka lake na hisa zake. Atakayejibu ndiyo kwa yote, hata pale jibu linapomgharimu, huyo ni mlibertari. Wengine wanataka serikali iwaachie njia wao na kumzibia jirani, na siasa hiyo ni kongwe kuliko chama chochote.