Kanisa la Mwenge Thogoto: Jina la Wageni, Nyumba ya Wenyeji

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya magharibi, akisha kwenda maili 13 hivi, hufika Kikuyu, na karibu ya hapo ni mahali paitwapo Thogoto. Jina hilo si la asili ya nchi. Wenyeji waliwasikia wageni wakijiita "Scots", na ulimi wa Kikikuyu ukaligeuza neno likawa Thogoto. Hapo pana kanisa la mawe liitwalo Church of the Torch, yaani Kanisa la Mwenge. Habari za kanisa hilo ni habari za jinsi kazi iliyoanzwa na wageni ilivyopata kuwa mali ya wenyeji, na haikuwa bila machozi.

Misheni yenyewe ilianza mwaka 1891 huko Kibwezi, katika nchi ya Ukamba. Homa ya malaria iliwamaliza watu wengi, na mwaka 1898 Bwana Thomas Watson akaihamishia kazi Kikuyu, penye baridi na maji mazuri. Lakini aliikuta nchi katika dhiki kuu. Mvua zilikuwa zimekosekana, njaa ikaenea, na ndui ikafuata nyuma yake. Basi kazi ya kwanza ya misheni haikuwa kuhubiri, bali kuwalisha wenye njaa na kuwauguza wagonjwa. Katika mwaka 1900 Bwana Watson mwenyewe alifariki. Mkewe, Bibi Minnie Watson, aliyekuwa ameolewa mwaka mmoja tu, angaliweza kurudi kwao. Hakurudi. Alikaa akaitunza kazi, akafundisha watoto hata mwaka 1931. Alipokufa mwaka 1949, majivu yake yaliletwa Thogoto.

Kanisa la Scotland lilipoichukua misheni mwaka 1901, mambo matatu yalikwenda pamoja: ibada, shule na dawa. Daktari John Arthur alifika mwaka 1907, na mwaka uliofuata hospitali ikaanzishwa. Wanafunzi hawakujifunza kitabu peke yake, bali na kazi za mikono pia, kama useremala na uashi. Mwaka 1909 alikuja mtoto mmoja jina lake Kamau wa Ngengi. Alijifunza kusoma na useremala, akabatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Huyo ndiye aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya.

Thogoto palikuwa pia mahali pa kupatanisha madhehebu. Mwaka 1913 wajumbe wa misheni mbalimbali za Kiprotestanti walikutanika hapo kutafuta umoja. Tunda moja la shauri hilo ni Alliance High School, iliyofunguliwa karibu na hapo mwaka 1926. Mwaka huohuo Musa Gitau aliwekewa mikono kuwa mchungaji, naye ni miongoni mwa Wakikuyu wa kwanza kupewa daraja hiyo.

Kisha likaja jaribu kubwa. Mwaka 1929 misheni iliwataka waumini wake waape kuiacha desturi ya kuwatahiri wasichana. Madaktari walikuwa wameona madhara yake, hasa wakati wa kuzaa. Lakini watu wengi walisikia neno jingine katika amri hiyo. Walikuwa wamekwisha kuona ardhi yao ikichukuliwa, na sasa waliona kuwa hata mila zao zinaondolewa na mgeni pasipo shauri lao. Waliotia alama ya kidole gumba katika karatasi ya ahadi waliitwa watu wa kirore. Wengine walitoka kanisani kwa wingi, wakajenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe. Ndugu waligawanyika, na watoto waliosoma benchi moja wakawa hawaketi pamoja tena.

Hayo yalitokea wakati kanisa la mawe lilipokuwa likijengwa. Waumini waliobaki walikuwa wachache, na mzigo wa kuchanga fedha uliwaangukia wao. Hata hivyo ujenzi haukuachwa. Haba na haba hujaza kibaba, na mwaka 1933 kanisa lilifunguliwa. Pande zote mbili zilikuwa zikijenga kwa wakati mmoja: hawa kanisa lao, na wale shule zao. Wote walikuwa wakidai jambo lilelile, kwamba Mwafrika awe na sauti katika imani yake na katika elimu ya watoto wake. Ile desturi iliyowagombanisha ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 2011, lakini safari hii sheria ilitungwa na Bunge la wananchi wenyewe.

Sauti hiyo ilipatikana pole pole. Mwaka 1943 likaundwa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, na mwaka 1956 usharika wa Wazungu ukaunganishwa nalo. Mchungaji John Gatu, aliyekuwa kiongozi wake, alisimama mwaka 1971 mbele ya Wakristo wa Marekani, akawaomba makanisa ya nje yazuie wamisionari na fedha zao kwa muda, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Neno lililoshikwa na kanisa lake ni moja: Jitegemea.

Kujitegemea huko hakukufunga mlango wa huduma. Hospitali iliyoanza mwaka 1908 iliongezewa mwaka 1975 idara ya macho, na wagonjwa hutoka mbali kuja kutibiwa huko.

Mahali hapo pangali huitwa Thogoto, kwa jina la wageni. Lakini anayetaka kujua nyumba ni ya nani haulizi jina la mtaa, huuliza ni nani aliyelipia mawe yake.