Spika Ndogo Hupimwa kwa Sauti ya Mtu

Ukiingia dukani kutafuta spika ndogo za kuweka kwenye rafu sebuleni, muuzaji atakupigia wimbo wenye besi nzito. Ataongeza sauti mpaka kioo cha kabati kitetemeke, kisha atakutazama usoni aone kama umeridhika. Msomaji wangu, usizinunue kwa jaribio hilo. Spika ndogo haiwezi kulifaulu bila kudanganya.

Besi ni hewa inayosukumwa. Uzi mnene kuliko yote wa gita la besi la nyuzi nne hutetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na wimbi lake lina urefu wa mita nane na zaidi. Ili sauti hiyo itoke, koni ya spika lazima isogeze hewa nyingi mbele na nyuma. Tena, kila hezi zinaposhuka kwa nusu, koni ileile hulazimika kusogea mara nne zaidi ili nguvu ya sauti isipungue. Koni ya inchi tano, ndani ya boksi la lita tano, haina nafasi ya mwendo huo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huzipandisha sauti zilizo juu kidogo ya hezi 100, sikio likadhani limesikia besi yenyewe. Kwa dakika tano inapendeza. Ukikaa nayo jioni nzima, msomaji wa taarifa ya habari anasikika kama anayesemea ndani ya pipa.

Spika iliyonifundisha mengi kuhusu jambo hili ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC huko Uingereza katika miaka ya 1970. Walitaka kitu cha kutoshea ndani ya gari la matangazo ya nje, mahali pasipo na nafasi ya spika kubwa na ambapo hedifoni hazikuwaridhisha. Boksi lake lina kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa sentimita 19. Besi yake ni haba, na hata hiyo ina uvimbe kidogo. Haipazi sauti sana. Lakini wahandisi wale walishikilia swali moja: mtangazaji akizungumza, anayesikika ni yeye? Walipima kwa sauti za watu hai, si kwa mitambo peke yake. Mpaka leo zipo kampuni zinazoitengeneza spika hiyo, na ninaamini sababu ni lile swali.

Mahali penye ukweli wa spika ni katikati ya sauti nzito na sauti nyembamba, panapokaa sauti ya binadamu, kanuni, udi na gita la solo. Sikio letu limezoea sauti za watu tangu utotoni, hivyo hulitambua kosa dogo mno katika sauti ya mtu, wakati kwenye ngoma ya kompyuta hatuna cha kulinganishia. Rekodi za zamani za taarab ya Unguja, au za bendi ya Morogoro Jazz, zinafaa sana kwa kazi hii. Msikilize mwimbaji: anapumua? Herufi “s” inachoma sikio? Magita mawili yanapojibizana unayatofautisha, au yamekuwa uji?

Unapolinganisha spika mbili, hakikisha zinalia kwa nguvu sawa. Inayolia juu kidogo tu ndiyo utakayoiona bora, na hutajua kwa nini. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kusawazisha. Kisha fumba macho, au mwenzio azifunike kwa kitambaa chepesi. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambamo wafanyakazi wa kampuni ya sauti walizipa spika zilezile alama tofauti walipoziona na zilipofichwa wasizione. Ikiwa watu wa kazi hiyo walipotoshwa na macho yao, mimi na wewe tuna kinga gani?

Wati zilizoandikwa kwenye boksi, hasa zile za PMPO (nguvu ya kilele cha muda mfupi mno), zipuuze. Kinachosaidia ni ile namba ya desibeli kwa wati moja, umbali wa mita moja. LS3/5A hutoa kama 82 au 83. Spika ya 88 itafikia sauti ileile kwa takriban robo ya nguvu za amplifaya, na kwa mwenye amplifaya ndogo hiyo ni tofauti kubwa.

Nyumbani kuna chumba, nacho huharibu sauti kuliko spika. Sebule nyingi zetu zina vigae sakafuni, kuta za tofali na madirisha mapana. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaorukaruka, tandika zulia, shusha pazia zito, kisha ndipo uilaumu spika. Spika ikiwa karibu na ukuta besi huongezeka, na kwenye kona ya chumba huongezeka zaidi mpaka ikavimba. Zisogeze spika mpaka ukingo wa mbele wa rafu, twita, yaani kile kispika cha sauti nyembamba, iwe kwenye usawa wa sikio lako ukiwa umeketi, na kama boksi lina tundu nyuma, liachie nafasi ya kupumua.

Jaribio la mwisho halina gharama. Mrekodi mtu wa nyumbani kwako akizungumza, uwanjani penye utulivu, mbali na kuta. Unganisha spika moja tu, kwa sababu zikilia mbili makosa hujificha. Msimamishe mtu huyo kando ya spika, aseme sentensi, rekodi iseme inayofuata, wapokezane hivyo wakati wewe umewapa mgongo. Nunua spika itakayokufanya ushindwe kujua ni nani anayezungumza.