Kubeua Kusikokwisha na Chakula cha Ngano



Mara nyingi tunazungumza juu ya pamba, choroko na mifugo. Leo tunaingia jikoni, na kutoka jikoni tunaingia tumboni mwako. Tutazungumza juu ya mtu anayebeua kutwa kucha, mwenye kiungulia kisichokwisha, na uhusiano unaoweza kuwapo kati ya taabu hiyo na chapati anayokula kila asubuhi.

Wewe mfugaji unajua kwamba ng'ombe asiyebeua ni ng'ombe mgonjwa. Nyasi zinapochacha katika tumbo lake kubwa hutoa gesi nyingi, na asipoitoa kwa mdomo, ubavu wa kushoto huvimba na anaweza kufa kabla hujamfikia bwana mifugo. Binadamu si hivyo. Hewa tunayobeua sehemu kubwa ni ile tuliyoimeza wenyewe, tukila haraka, tukizungumza huku tunakula, au tukinywa soda. Kubeua mara moja mbili baada ya ugali na samaki si ugonjwa. Lakini ukibeua kila siku kwa wiki na wiki, maji machungu yakapanda hadi kooni, kifua kikachoma usiku ukilala chali, hapo tumbo linakuambia jambo.

Basi tuseme yupo mama mmoja hapo Nyashimo. Ana banda la chai kando ya barabara kuu iendayo Mwanza na Musoma. Alfajiri hukanda unga wa ngano, akachoma chapati, akakaanga maandazi, na yeye mwenyewe hunywa chai kwa hizo hizo chapati zilizobaki. Huu ni mwaka wa pili anabeua. Tumbo hujaa kama ngoma, mara anaharisha, mara anafunga choo. Amekonda, macho meupe, akiinama kuokota kuni anaona kizunguzungu. Dawa yake ni kulamba magadi. Akilamba, anabeua kwa nguvu na anasema, "Aa, sasa nimepona." Hakupona. Magadi yakikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi, na kule kubeua ni ile gesi ya magadi inayotoka. Kesho yake mambo ni yale yale.

Mama huyu anaweza kuwa na magonjwa mengi. Mojawapo huitwa siliaki. Ni ugonjwa ambao mwili wa mtu unaichukia protini moja iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Protini hiyo huitwa gluteni. Ukitaka kuiona kwa macho, fanya jaribio hili nyumbani: chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, lioshe polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yatakuwa meupe kwa wanga unaotoka. Mwisho utabaki na kidonge chenye mnato, kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni, na ndiyo inayofanya chapati isukumike bila kukatika. Jaribu kwa unga wa mahindi au wa mtama, hutabaki na kitu cha namna hiyo.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana, vingi kama nyuzi za taulo. Kazi yake ni ile ya vinyweleo vya mizizi shambani: kunyonya chakula. Mtu wa siliaki akila ngano, mwili wake unaishambulia ile gluteni, na katika vita hiyo unavikata vijidole vyake wenyewe hadi utumbo unakuwa laini kama sakafu. Sasa wewe umeona mche wa pamba uliooza mizizi: unanyauka juu ya udongo wenye mbolea na maji tele. Ndivyo ilivyo kwa mtu huyu. Anakula, lakini chakula hakiingii mwilini. Damu inapungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa inadhoofika, mtoto hakui.

Na kubeua kunatoka wapi? Chakula kisichonyonywa huteremka chini, kikachacha na kutoa gesi, tumbo likavimba. Hali kadhalika tumbo la juu hukawia kumwaga chakula. Likijaa na kusukumwa namna hiyo, asidi hupanda kwenye umio, yaani njia ya chakula, na kuuchoma. Mtu anayeungua kooni humeza mate kila mara ili apate nafuu, na kila funda la mate linameza na hewa. Hewa hiyo lazima irudi. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa siliaki wasiotibiwa hulalamika kiungulia, na wengi hupata nafuu katika miezi michache baada ya kuacha ngano kabisa.

Utauliza, nani aligundua kwamba kosa ni la ngano? Alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa na shaka hiyo tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kubwa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mikate ikaadimika nchini mwake. Watoto wenye ugonjwa huu, badala ya kuzidiwa pamoja na wenzao, wakapata nafuu. Mikate iliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 akatoa maandishi yake ya chuo kikuu juu ya jambo hilo.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Katika nchi nyingi zilizopima watu, karibu mtu 1 kati ya 100 anao. Na taarifa iliyotolewa mwaka 1999 juu ya watoto Wasahrawi, watu wa Afrika yetu hii waliokuwa wakiishi kambini Aljeria, ilionyesha kwamba zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa nao. Chakula chao kikubwa ni cha ngano. Ili ugonjwa utokee lazima mambo mawili yakutane: asili ya kurithi katika damu ya ukoo, na ngano mezani. Kwa hiyo mmoja akipatikana nao, ndugu zake wa tumbo moja, wazazi na watoto wake wapimwe pia.

Hapo zamani, Nyashimo ilipokuwa bado chini ya Wilaya ya Magu, kabla Wilaya ya Busega na Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, mzee wa Kisukuma aliweza kumaliza mwaka kwa mtama, udaga, michembe na mahindi. Siku hizi chapati iko kila kituo cha basi, na mtoto anakwenda shule na andazi mkononi. Kwa watu wengi hakuna ubaya wowote. Ngano si sumu, wala sisemi watu wote waiache.

Sasa sikiliza sana hapa, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Usikimbilie kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha ugonjwa huu hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya gluteni na utumbo. Ukiacha ngano, askari hao hupungua, kipimo kinasema huna kitu, na wewe unao. Endelea kula kama kawaida, nenda kituo cha afya, eleza yote: umebeua tangu lini, choo kikoje, umepungua kiasi gani, unakula nini. Daktari akiona haja atakupeleka mbele. Huko hospitali ya rufaa, kama Bugando pale Mwanza, mpira mwembamba wenye taa huweza kuingizwa kwa njia ya mdomo, tumbo likatazamwa na kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa kwenda kupimwa.

Na daktari hataanza na siliaki. Kwetu sisi tunaokaa pwani ya Ziwa Viktoria, mtu mwenye tumbo bovu na damu pungufu lazima apimwe kichocho cha tumbo, safura na minyoo mingine. Kuna vidonda vya tumbo, na kuna yule mdudu wa tumboni aitwaye pailori, aliyeenea sana na anayetibiwa kwa dawa za hospitali. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au chakula kikikwama unapomeza, usingoje mnada upite. Nenda siku hiyo hiyo. Vidonge vya kupunguza asidi vinaweza kutuliza moto wa kifua, lakini kwa mgonjwa wa siliaki vyenyewe havirudishi vijidole vya utumbo. Na dawa za maumivu za dukani, mathalani aspirini, zaweza kuzidisha vidonda.

Tuseme yule mama amepimwa, ameonekana ana siliaki. Huko ng'ambo wagonjwa hununua mikate maalumu ya bei kubwa. Yeye hana haja nayo. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, mihogo, viazi vitamu, choroko, dengu, karanga, yote hayo hayana gluteni. Dagaa na mboga za majani zitamsaidia kurudisha damu. Maziwa mabichi yaweza kumletea gesi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hauwezi kuimeng'enya sukari ya maziwa. Ajaribu mgando kidogo kidogo. Angalizo moja juu ya mihogo michungu: asiifanye chakula pekee, na iandaliwe sawasawa, ilowekwe na kukaushwa siku zake zote. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu walikula mihogo iliyoandaliwa kwa haraka, wakapata konzo, ugonjwa wa kupooza miguu.

Taabu yake kubwa itakuwa ngano iliyojificha. Mtu anasema, "Nimeacha chapati miezi mitatu, bado nabeua!" Ukimchunguza, unakuta anakunywa uji wa lishe uliochanganywa ngano. Au samaki wake amepakwa unga wa ngano kabla ya kukaangwa, au mihogo imekaangwa katika mafuta ya maandazi. Tambi ni ngano. Bagia na vitumbua vya wapishi wengine huongezwa ngano ili vishikane. Bia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa shayiri. Togwa ya kimea cha ulezi au mtama haina neno. Hata kukanda unga kila alfajiri ni hatari kwake, kwa kuwa vumbi humwingia mdomoni. Hapo ndipo penye uchungu, maana chapati ndizo zinazomlipia ada za watoto. Aweza kumwachia mwingine kazi ya ngano, au abadili biashara: viazi vya kuchemsha, vitumbua vya mchele mtupu, uji wa ulezi na karanga. Wateja wa alfajiri hutaka kitu cha moto chenye kushiba, na hivyo vyote vinashibisha.

Ipo pia mashine ya kusaga. Ikisagiwa ngano halafu mahindi yako yakafuata, unga wa ngano uliobaki ndani unaingia katika debe lako. Zungumza na mwenye mashine. Uwahi asubuhi baada ya mashine kufagiliwa, usage kwanza kilo chache za mahindi yako, unga huo wa mwanzo uwape wale wasio na ugonjwa, au kuku. Unaofuata ndio wako. Uweke katika chombo chako chenye mfuniko, na uwe na mwiko wako na chungu chako.

Akifanya hayo yote na bado anabeua baada ya miezi kadhaa, arudi kwa daktari. Huenda ngano inaingia mahali asipopajua, na huenda ana pailori au ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Siku hiyo aende na orodha ya vyote alivyokula na kunywa kwa wiki nzima, hata lile andazi moja alilolionja tu kujua kama limeiva.