Gari la jamaa mikononi mwa mgeni

Jumamosi hapa Butembo tunaona jipu zenye kupambwa maua zikipeleka maarusi. Nyingi si za bwana arusi. Zimekodiwa, na pengine mwenyewe ni jamaa lenye gari hilo moja tu.

Biashara hii ilipanda wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu wa Riposte walihitaji magari kila siku, Beni na Butembo, na dola ziliingia nyumbani. Lakini magari hayo ndiyo yalipigwa mawe watu walipokasirika. Pesa ya siku chache hailipi kioo, sembuse uhai wa dereva.

Leo anayeomba gari pengine humjui hata jina. Muulize anaenda wapi. Butembo hadi Beni ni kilometa kama 54, lakini mbele ya Beni kuna njia tunazoziogopa sisi wenyewe. Heri gari liende na dereva wako. Naye ana watoto, njia ikiwa mbaya usimtume.

Mapatano yaandikwe: saa ya kurudi, mafuta ya nani, nani analipa likigongwa. Piga picha gari pande zote, pamoja na hesabu ya kilometa, mgeni akiwa hapo. Soma bima pia: ile ya gari la nyumbani inaweza kukataa ajali ya gari la kukodisha.

Na mama, usiseme “gari ni la baba, mimi simo.” Sheria ya familia iliyorekebishwa Julai 2016 inataka mume na mke wapatane kabla ya kujifunga kwa mkataba. Saini yako iwe kwenye karatasi, kando ya yake.